Je, Mtoto Kuwa kwa Oksijeni Ni Kukosa Imani?



Baada ya kesha moja hapa Karagita, dada mmoja anayefanya kazi ya maua alinivuta kando. Mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati, akapumua kwa mashine wiki nyingi, na sasa yuko nyumbani lakini bado anategemea oksijeni. Ndugu mmoja alikuwa amemwambia mbele yetu: "Tumeshaomba. Ukiacha hiyo mipira puani, unamwambia Mungu humwamini." Nilisikia, nikanyamaza. Sasa dada ananiuliza, "Mzee, nisipoitoa nitakuwa nimekosa?"

Wapendwa, mashine si mungu. Mwaka wa 1963, Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa mapafu hayajakomaa. Aliishi siku mbili tu, na babake alikuwa na kila uwezo. Mwaka wa 1967 daktari William Northway na wenzake waliandika kuhusu watoto waliowekwa kwenye mashine za kupumua wakabaki na mapafu yaliyoumia. Mashine haiponyi mapafu. Inamshikilia mtoto ili yapate muda wa kukua, na kule kusukuma hewa kunaweza kuyaumiza.

Lakini si adui wa Mungu pia. Hiyo oksijeni iliumbwa na nani? Mzee wa mkongojo hatumwambii autupe ndio tujue ameokoka.

Mimi nikitaka kufunga siku saba, huo ni mwili wangu. Pumzi ya mtoto si yangu niiweke rehani kuonyesha imani yangu. Yeye ndiye atakayelipa nikikosea.

Na uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Katika Mathayo 8, Yesu alimponya mwenye ukoma kisha akamtuma ajionyeshe kwa kuhani. Mtoto akipona, daktari ataipunguza oksijeni pole pole, kipimo kitaonyesha, na sisi tutatoa ushuhuda.

Kwa hivyo nilimjibu: "Dada, usiitoe. Tutaendelea kuomba ikiwa hapo hapo puani."

Halafu akaniambia kinachomkosesha usingizi. Mashine ya nyumbani inatumia stima, na tokeni zikiisha usiku hana pa kukimbilia. Wapendwa, tulimwomba dada aonyeshe imani yake kwa kutoa mipira. Sisi tuonyeshe yetu kwa kununua tokeni. Jumapili hii kutakuwa na kikapu mlangoni.

Amina.