Yaya Alalaye Nyumbani na Yaya Arudiye Kwao

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wa Tanga na Pangani wametuletea swali huku Malindi, nayo ni Malindi ya milima ya Usambara katika wilaya ya Lushoto, si ile ya pwani ya Kenya. Wameuliza: yaya wa mtoto, je, ni bora alale nyumbani mwa mwenye kumwajiri, au aje asubuhi na kurudi kwao jioni? Wameliuliza kana kwamba ni swali la raha ya nyumba, lipi lina nafuu na lipi lina gharama. Sisi twalijibu kuwa ni swali la haki, kwani mabinti wanaoulizwa habari zao wengi hutoka huku kwetu.

Binti husoma chuoni hata akahitimu juzuu chache. Kisha huja mtu, mara nyingi jamaa au mwanamke azijuaye nyumba za mjini, akasema na wazee wake. Na kesho yake binti hupanda gari pamoja na magunia ya viazi na matenga ya nyanya, akapita Soni, akateremka Mombo, hata akaifikia pwani na joto lake ambalo hajapata kulijua. Gunia la viazi bei yake imekatwa kabla ya gari kuondoka. Binti hana bei iliyokatwa. Ataambiwa huko huko, na pengine hataambiwa kabisa.

Basi hapa ndipo tuanzie. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, kuajiri ni mkataba kama mikataba ya kuuziana: kinachouzwa ni manfaa ya mtu, na thamani yake ni ujira; navyo vyote viwili sharti vijulikane. Imamu Nawawi ametaja katika Minhaji kwamba haisihi kumkodi mnyama kwa malisho yake, wala kuipanga nyumba kwa kuitengeneza, kwa sababu kiasi chake hakijulikani. Ewe ndugu, ikiwa punda hakodiwi kwa majani, utamwajirije binti Muislamu kwa wali na kanga ya Idi? Ni kweli kwamba Imamu Malik amejuzisha kumwajiri mtumishi kwa chakula chake na nguo zake, na Imamu Abu Hanifa amejuzisha hayo kwa mnyonyeshaji peke yake, kwani desturi ya watu ni kumkunjulia mkono mnyonyeshaji kwa kuwahurumia watoto wao. Nasi hatuwakanushi maimamu hawa. Lakini wewe wajiita Mshafii katika kunuti ya alfajiri na katika talakini ya maiti. Basi kuwa Mshafii na jikoni mwako.

Na ajuaye hili ajue na la pili lake. Mkataba ukifisidika kwa ujira kutojulikana, na kazi imekwisha kufanywa, yule mfanyakazi hustahiki ujira wa mfano, yaani wanaolipwa wenzi wake kwa kazi kama ile. Haliwi jambo la hisani, bali ni deni. Mwenye kumweka binti miaka mitatu kwa mapatano ya chakula na nguo ana deni la miezi thelathini na sita shingoni mwake, na akifa hutolewa katika mali yake kabla ya wasia na kabla ya warithi. Na binti akiwa hajabaleghe, uzito umezidi, maana mtoto hana uwezo wa kisharia wa kuitoa kazi yake bure, wala walii wake hana ruhusa ya kuitoa kwa niaba yake. Twawaona watu wakigawa mirathi ya baba yao kwa hesabu nyembamba ya thumni na sudusi, na yaya aliyewalea warithi hao hao amesimama mlangoni, hapana amkumbukaye.

Wengine watasema: sisi hatumlipi kwa kuwa si mtumishi, ni mtoto wetu. Neno hili ndilo tunalotaka kulisimamia, kwani limedhulumu watu wengi kuliko fimbo. Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratul-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, kwamba wanaoitwa wana kwa ulimi tu hawawi wana kwa kuitwa hivyo, na kwamba waitwe kwa baba zao. Na Zaid bin Haritha, ambaye Mtume alimpenda mno, alirejezewa jina la baba yake. Na utazame neno hili lasemwa wakati gani. Siku ya mshahara, yeye ni mtoto wetu. Sinia ikitandikwa, si mtoto wetu. Hula baadaye, ukoko na mchuzi uliobaki. Watoto wakienda shule, si mtoto wetu. Usiku mchanga akilia, yeye ni dada yake. Na chumba kikigawiwa, yeye hulala juu ya mkeka baina ya jiko na mlango wa uani. Mtoto gani huyu ambaye utoto wake huja na kuondoka kwa manufaa ya baba?

Lau wangetaka kumfanya kama wa nyumbani kwelikweli, njia ipo, nayo ni ile aliyoipokea Abu Dharr, imo katika Sahihi ya Bukhari: kwamba watumishi ni ndugu zenu, na aliye na ndugu yake chini ya mkono wake amlishe katika alacho na amvishe katika avaacho, wala asimkalifishe lisilowezekana, na akimkalifisha amsaidie. Nayo yalisemwa juu ya watumwa. Utumwa ulifutwa Tanganyika kwa sharia ya mwaka 1922; jina la kijakazi limeondoka, na katika baadhi ya majumba ya pwani mwendo wake umebaki. Aliye huru anawekwa chini ya daraja ambayo Mtume aliwanyanyulia wasio huru.

Sasa tuje kwenye kulala na kurudi. Arudiye kwao ana kitu kimoja asichokuwa nacho mwenziwe, nacho ni mwisho wa siku. Magharibi ikiingia hufunga mlango nyuma yake, na mlango ule ndio saa yake. Alalaye hana magharibi. Huamka kabla ya alfajiri kupasha maji, na baada ya isha mchanga angali begani, na bwana akirudi barazani saa tano huitisha chai. Wanachuoni wetu wamesema aliyeajiriwa kwa siku, nyakati za sala zimetolewa katika siku hiyo wala ujira haupunguki kwa ajili yake. Ama usiku mzima haukuuzwa na mtu. Serikali nayo, kwa Sharia ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, iliweka saa 45 za kawaida kwa juma, zisizozidi 9 kwa siku, na mapumziko ya saa 24 kwa juma, na ikakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Hatuoni katika hayo jambo linalopingana na dini yetu. Aliye chini ya miaka 14 mahali pake ni chuoni na shuleni, hata akiwa mrefu wa kimo.

Na katika amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, mtumishi wa nyumba ya kawaida asiyekaa kwa mwajiri aliwekewa kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi, na akaaye humo shilingi 60,000. Zingatia hesabu hiyo. Ile 60,000 iliyopungua ndiyo chumba na chakula. Yaya alalaye amekwisha kuvilipia kabla hajatia tonge kinywani. Basi mwenye kumwambia, “Mimi nakulisha na kukulaza,” amsemeza maneno ya mfadhili na hali yeye ni mwuzaji aliyekwisha kupokea thamani. Na aliyelipia chumba ana haki ya chumba, si nafasi jikoni.

Ama chumba hicho, kiwe na mlango, na mlango uwe na komeo la ndani. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratun-Nur, aya ya 58, kwamba wale walio chini ya mikono yetu na watoto wasiobaleghe watake idhini nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, na wakati wa adhuhuri tuvuapo nguo, na baada ya sala ya isha. Aya hii yahusu watu waishio nyumba moja na kupitana mchana kutwa. Wengi huisoma ili kuilinda sitara ya bwana. Sisi twasema sitara haina upande mmoja: ikiwa mtumishi haingii kwa bwana nyakati hizo ila kwa idhini, basi bwana na wanawe ndio wanaostahiki zaidi kuzuiliwa na mlango wa mtumishi, nyakati hizo na nyinginezo.

Twalisema hili waziwazi kwa kuwa wasomaji wetu ni wanaume. Yaya si maharimu wako. Kumwita binti hakumfanyi binti, na kumlea mwanao kwa chupa hakuleti udugu wa kunyonya. Hata lau angemnyonyesha mara tano kabla ya kutimia miaka miwili, kama ilivyo katika madhehebu yetu, angekuwa mama wa mwanao, wala wewe usingekuwa maharimu wake kwa hilo. Mkeo akiwa kazini au safarini, na wewe na yaya mkabaki peke yenu na mtoto mchanga, hiyo ni faragha iliyoharamishwa katika hadithi ya Bukhari na Muslim. Na katika hizo Sahihi mbili imo habari ya kijana aliyekuwa kibarua katika nyumba ya mtu, akazini na mke wa bwana wake, na baba yake akadhani jambo litakwisha kwa kutoa kondoo mia na kijakazi. Mtume akavirudisha vile na akahukumu kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu. Siku hizi mambo yamegeuka: ni bwana au mwanawe amwendeaye kibarua, naye binti akiwa hana pa kukimbilia usiku ule. Kisha hupandishwa gari la Mombo na mimba yake, kwa nauli aliyopewa mkononi, na baraza lile lile likamwita mtovu wa adabu. Wazee wa huku humpokea wakiwa wameinamisha vichwa, na aliyestahiki kuinamisha kichwa yu katika safu ya kwanza msikitini.

Watu wa pwani twalalamika sana juu ya wanaofanyiwa binti zetu Omani na Imarati. Na malalamiko hayo ni ya haki. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watumishi wa Kitanzania katika nchi hizo mbili, walionyang'anywa pasipoti, wakafanyishwa kazi saa nyingi bila ya kupumzika, na wengine wakanyimwa mishahara yao. Lakini binti wa Kisambaa aliyewekewa kitambulisho chake kabatini mwa bibi pale Tanga, asitoke ila kwa ruhusa, tofauti yake na yule wa Maskati ni bahari tu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189 wa mwaka 2011 umetaja mambo haya haya: mtumishi akae na hati zake mwenyewe, na alalaye nyumbani asilazimishwe kubaki humo wakati wa mapumziko yake.

Tukirudi kwenye swali. Mtume mwenyewe alilelewa kwa njia zaidi ya moja. Alipelekwa kwa Halima wa Bani Saad, akakaa kwa mlezi jangwani. Na katika nyumba yao alikuwamo Ummu Ayman, aliyemlea, akamfanya huru, akaendelea kumzuru maisha yake yote, na baada ya kufa kwake Abubakar na Umar wakaenda kumzuru kama alivyokuwa akimzuru yeye. Hapana njia iliyoharamishwa kwa jina lake. Rai yetu ni hii: binti akiwa na shangazi au jamaa mwaminifu mjini, na arudi kwa jamaa yake jioni, na alipwe ujira wa arudiye, hata kama bibi wa nyumba atachoka zaidi usiku. Na nyumba yenye vijana wa kiume waliobaleghe, au ambayo mke hushinda kazini na mume hushinda nyumbani, yaya asilale humo, wala mchana asiachwe peke yake na mume. Ama aliyetoka mbali na hana jamaa, na nyumba ni ya wanawake, au mke yumo daima, hapana ubaya kulala, kwa chumba cha mlango, na saa zinazojulikana, na siku yake ya juma, na ujira utiwao mkononi mwake.

Mkononi mwake, twarudia, na hili twawaambia watu wetu wa milimani pia. Mali ya mwanamke baleghe mwenye akili ni yake. Mzee apokeaye mshahara wa bintiye miezi sita akanunulia bati bila ya ridhaa yake, naye amekula kisicho chake. Na mwenye kupeleka watumishi akikata fungu lake kila mwezi bila ya mapatano, huyo ni mbaya zaidi. Kabla binti hajapanda gari, ujira, kazi na muda viandikwe, na mashahidi wawili wawepo. Mjini kipo chama cha wafanyakazi wa majumbani, CHODAWU. Binti afundishwe jina lake kama afundishwavyo njia ya kurudi.

Limebaki swali dogo la mmoja wenu, kwamba yaya amevunja kikombe, je, yafaa kukikata katika mshahara? Mwajiriwa ni mwaminiwa. Kilichovunjika mkononi mwake bila ya kukusudia na bila ya uzembe hakilipi, awe alalaye au arudiye, na mshahara wake hutolewa kamili.

Wallahu aalam.