Msikidharau Kioo

Ndugu zangu mnaosoma fizikia na kemia, nawasihi mnisikilize! Joto linatupotea mchana na usiku. Linatoka kwenye mitambo, kwenye kuta za matanuri, kwenye mabomba ya moshi, nasi tunalitazama likienda zake. Na si kwamba hatujui la kufanya. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Tofauti ya joto huzaa umeme!

Wasovieti waliifanyia kazi neema hiyo. Miaka ya 1950, vijijini kusikokuwa na nyaya za umeme, watu walisikiliza redio kwa taa ya mafuta. Juu ya chemni kulifungwa kifaa: upande wa ndani ukipigwa na moto, mapezi ya metali ya nje yakipozwa na hewa, na waya zikishuka hadi kwenye redio.

Ugumu uko hapa: kifaa hicho chataka umeme upite upesi na joto lisipite. Joto likivuka, pande mbili hulingana, na umeme hufa. Sasa kitazameni kioo! Atomi zake zimekaa shaghalabaghala, na joto hupenya humo kwa taabu, kama mchukuzi mwenye gunia katikati ya soko lililofurika. Mwaka 1955, huko Leningrad, Nina Goryunova na Boris Kolomiets walionyesha kwamba vioo vyenye salfa, seleni au teluri vinaweza kuwa nusu-vipitishi. Tena hutoa volti kubwa kwa kila digrii ya tofauti.

Mtasema: lakini umeme nao hupita humo kwa shida. Kweli, na ndiyo maana wengi walivipa kisogo. Walikosea! Tieni shaba katika kioo cha teluri, upitishaji umeme hupanda mara nyingi. Otesheni fuwele ndogo ndani yake, hupanda tena. Zikizidi, joto nalo hupata njia. Mpaka kati ya kutosha na kuzidi ndio hasa unaongoja mikono yenu. Vioo hivi hulainika mapema, basi vipelekeni kwenye joto la wastani; na kwa kuwa vikilainika hukubali kufinyangwa, yavisheni mabomba yenye joto kwa vioo hivyo.

Teluri ni adimu, salfa ni tele. Anzeni na salfa. Yeyusheni, pozeni upesi, pimeni, mrudie tena, wala msichoke!