Mikono ya Isaka

Juma hili tusome Mwanzo 27, ila tusikimbilie habari ya baraka. Tukae kwanza na mzee mwenyewe. Isaka haoni tena. Amebakiwa na kupapasa, kunusa, kuonja na kusikia sauti. Rebeka na Yakobo waliyajua hayo yote, wakamfanyia hila kwa hayohayo: ngozi za wana-mbuzi mikononi, nguo za Esau, chakula akipendacho. Wenye maarifa ya kumsaidia mzee walikuwa watu wa nyumbani mwake, nao wakayageuza mtego.

Usukumani kwetu tumetenda baya kuliko hilo. Mama aliyepikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe maisha yake yote macho humwiva kwa moshi. Mpiga ramli chonganishi akasema ni mchawi. Kumbukumbu zikimpotea, akakutwa usiku uani kwa jirani asijue kwake ni wapi, basi hukumu imeshapita. Vikongwe wamekatwa mapanga Shinyanga na Geita kwa sababu hiyo. Ndugu zangu, kutangatanga usiku ni dalili ya dimensia, ugonjwa wa ubongo. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta wagonjwa takriban 6 katika kila 100. Na mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliingiza upungufu wa kuona usiotibiwa kati ya mambo yanayochangia ugonjwa huo. Na upofu wa mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Mpelekeni mzee hospitali mapema.

Asiyeona na asiyekumbuka bado hufundishika. Mwili hushika mazoea hata majina ya wajukuu yakishapotea. Funga kamba toka mlangoni hadi chooni, usawa wa kiuno. Mshikishe, tembea naye njia ileile, kwa maneno yaleyale, saa ileile, kila siku. Fundisha jambo moja mpaka lizoeleke. Usimwache abahatishe, wala usimuulize umemwambia mara ngapi. Uongoze mkono wake taratibu urudi kwenye kamba. Taja jina lako kabla ya kumgusa. Kama anaona kidogo, uji mweupe utiwe kwenye kikombe cheusi. (Hapa kwetu Maganzo vidole vyetu hubagua almasi ndani ya changarawe, halafu tunashangaa kwamba mkono unaweza kuona!)

Na kigoda chake kisihamishwe. Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kikwazo, na ndoo iliyoachwa njiani ni kikwazo tosha.

Vijana mnaodamkia machimboni, mtembezeni bibi hadi chooni na kurudi kabla hamjaondoka. Nanyi akina mama wa jumuiya, mkisikia jina la kikongwe limetajwa kwa mganga, msingoje Jumapili. Nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi siku hiyohiyo, na usiku huo mmoja wenu alale nyumbani kwa kikongwe huyo.