Hakuniuliza

Mwaka jana, huku nikisoma shahada ya uzamili, nilikuwa nauza programu ya stoo na mauzo kwa wenye maduka Kariakoo. Kila mteja akilipa, nami napata kamisheni.

Mzee mmoja muuza vipuri aliitikia shikamoo yangu, akanipa kiti na soda. Kompyuta yake ilikuwa kwenye kaunta, imefunikwa kitambaa, na ilikuwa inatumia Windows 7. Akauliza kama programu yangu itafanya kazi humo. Nikamjibu kweli: itafanya.

Hakuniuliza kuhusu usalama. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020, kwa hiyo mwanya ukigunduliwa leo, hakuna wa kuuziba. Mei 2017, WannaCry ilifunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, na kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7. Wakati ule kiraka kilikuwepo tangu Machi, ila wengi hawakuwa wamekiweka. Mzee huyu hata angetaka, hana kiraka cha kuweka. Na mimi nilitaka ahamishie humo madeni yote ya wateja wake, yaliyokaa salama kwenye daftari.

Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu, anamtaja mfanyabiashara anayefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kuwa meli nyingine ziko njiani. Awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Diogenes wa Babeli aliona kuwa kunyamaza si kudanganya. Antipater aliona kuwa mnunuzi aambiwe yote. Cicero naye anasema si kila kunyamaza ni kuficha, lakini ukinyamaza ili ufaidike na kutojua kwa mwenzako, hapo umeficha.

Darasani nilimuunga mkono Antipater bila kusita. Kariakoo, zikiwa zimebaki siku nne nilipe kodi ya chumba, nilimwelewa Diogenes vizuri sana.

Nilikunywa soda nusu, kisha nikamwambia. Akauliza kompyuta mpya ni shilingi ngapi. Nilipotaja bei, akacheka, akafunika ile ya zamani. "Basi mwanangu, acha niendelee na daftari langu kwanza."

Jioni bosi alinilaumu. "Kwani alikuuliza?"

Hakuniuliza. Lakini mtu ataulizaje jambo asilojua kama lipo? Anayeweza kulitaja ni yule anayelijua, na siku ile alikuwa mimi peke yangu.

Kodi nilikopa kwa dada. Sijawa mwema kuliko wauzaji wengine; najua nilivyokaribia kumaliza soda ile kimya. Ila siku hizi, kabla sijamwambia mteja asaini, najiuliza: angejua ninachokijua, angesaini?