Kambi la Wanandoa na Siku Zinazofuata

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 3:8-13, Kumbukumbu la Torati 24:5, 1 Samweli 1:1-8, Marko 6:30-34, Waefeso 4:25-32.

Wazo kuu: Wanandoa hujitenga kwa muda ili wasemezane kweli. Ubora wa faragha hiyo hupimwa nyumbani, pale kweli iliyosemwa inapoanza kudai mabadiliko.

Haja ya kujitenga

Maisha ya Masasi na Newala hufuata kalenda ya korosho. Katikati ya mwaka mikorosho hupuliziwa dawa. Kuanzia Oktoba familia nzima huwa shambani ikiokota. Baada ya mnada, watu husubiri malipo kupitia chama cha msingi. Juu ya uwanda wa Makonde kuna pia shida ya maji, ambayo kwa miaka mingi wanawake wameyafuata mbali, hata mabondeni. Hivyo mume na mke wanaweza kufanya kazi bega kwa bega mwaka mzima, wakizungumza habari za magunia, ada za shule na wagonjwa, bila kuzungumza hata mara moja habari zao wenyewe.

Kambi la wanandoa huwapa nafasi hiyo. Kwa siku mbili au tatu watoto huachwa kwa ndugu, simu huzimwa, nao wawili hukaa kando chini ya uongozi wa washauri. Mojawapo ya njia zinazojulikana sana ilianzishwa na padri Mkatoliki wa Hispania, Gabriel Calvo, aliyeendesha mkutano wa kwanza wa namna hiyo Barcelona mwaka 1962. Baada ya fundisho fupi, kila mmoja humwandikia mwenzi wake barua akiwa peke yake. Kisha hubadilishana barua na kuzungumza faraghani. Hakuna anayelazimishwa kutangaza mambo ya nyumba yake mbele ya watu.

Kujitenga ili kujifunza si jambo geni katika nchi hii. Jando na unyago vilikuwa shule za kando, nalo Kanisa la Anglikana la Masasi, chini ya Askofu Vincent Lucas, lilijaribu kuzipa sura ya Kikristo. Hata hivyo wavulana walifundwa kwao na wasichana kwao. Ugomvi ukitokea ndani ya ndoa, wajomba na wazee huketi na kusema kwa niaba ya wahusika. Kambi huongeza jambo moja: mume na mke huketi pamoja, na kila mmoja hujisemea.

*Soma Kumbukumbu la Torati 24:5 na Marko 6:30-34. Mungu anathamini vipi muda wa faragha? Kwa nini faragha ya wanafunzi haikudumu?*

Kusikiliza kabla ya kujibu

Elkana alimpenda Hana. Alimpa sehemu ya pekee ya sadaka, na alipomwona akilia alimwuliza sababu. Lakini maswali yake yalifuatana bila kungoja jibu, na la mwisho lilimhusu yeye mwenyewe: je, yeye hakuwa bora kwake kuliko wana kumi? Biblia haiandiki kwamba Hana alimjibu. Aliinuka, akaenda kumimina moyo wake mbele za Bwana.

Elkana hakuwa mkatili. Alikuwa mume mwema aliyetaka machozi yakome upesi. Wako wengi wa namna hiyo, wanaume na wanawake, ambao haraka yao ya kufariji humnyamazisha mwenzi. Mshauri mwema wa kambi humzuia anayetaka kujibu, mpaka kwanza aweze kurudia kwa maneno yake kile mwenzake alichosema, naye mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Wapo wanaopinga wakisema ndoa ni siri, na kuyatoa ya ndani ni kumvua mwenzi nguo. Hoja hii ina uzito. Lakini siri ni za aina mbili: ipo inayolinda heshima ya wote wawili, na ipo inayolinda kosa la mmoja. Ya kwanza itunzwe. Juu ya ya pili wahenga walisema: mficha uchi hazai.

*Soma Mwanzo 3:8-13. Adamu alisema jambo lililotokea kweli, lakini akalitumia kumlaumu mkewe. Ukweli wa namna hiyo una kasoro gani?*

Msamaha usiolazimishwa

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Jioni ya mwisho nyoyo hulainika, nyimbo huimbwa, na wanandoa huombwa washikane mikono na kusameheana. Je, mwanamke anayepigwa aseme nini saa ile? Au yule aliyeokota korosho msimu mzima na hajui malipo yalikwenda wapi? Akinyamaza, ataonekana ana moyo mgumu. Akisema nimekusamehe, neno lake huenda likatumiwa kesho kumzibia kinywa.

Waefeso 4 huanza na kuvua uongo, kisha huonya juu ya hasira, na mwishoni ndipo hufika kwenye kusameheana. Mpangilio huo una busara: msamaha unaoiruka kweli hulifunika jeraha kabla halijasafishwa.

Tena, mtu anayemwogopa mwenzake hawezi kusema kwa uhuru mbele yake, kwa maana usiku atarudi naye chumba kimoja. Kwa hiyo washauri wazungumze kwanza na kila mmoja peke yake. Palipo na kipigo, kambi si dawa ya kwanza, usalama hutangulia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inaruhusu. Kumsindikiza aliyeumizwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi si kuvunja ndoa ya mtu. Aliyeinua mkono ndiye aliyevunja kiapo.

Baada ya kambi kuvunjwa

Mtafiti wa Marekani John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo mingi, aliona kwamba takriban asilimia 69 ya migogoro yao haimaliziki kabisa, kwa sababu hutokana na tofauti za kudumu kati yao. Basi anayetarajia kambi lifute kila tatizo atakata tamaa mapema. Faida yake ni kujifunza kuzungumza juu ya tatizo lile lile bila kuumizana.

Kipimo kitakuja Oktoba. Je, malipo yakiingia, wawili wataketi kuhesabu kabla hata shilingi moja haijatumika? Mke akiugua, mume ataichukua ndoo bila kuona aibu? Machozi ya kambini hayawezi kujibu maswali haya.

Mungu ameipa kila nyumba kambi dogo la kila juma. Kabla ya jua la Ijumaa kuzama, nyumba husafishwa na chakula huandaliwa. Nusu saa ya kusemezana na kusikilizana inaweza kuwa sehemu ya maandalio hayo, ili Sabato iwakute wawili wakiwa na amani iliyo ya kweli.

Maswali ya kujadili

1. Darasa litatofautishaje siri inayolinda heshima na siri inayolinda kosa?
2. Mtu akisema amesamehe, je, amepoteza haki ya kudai mabadiliko? Eleza.
3. Kanisa lenu lifanye nini, mwezi mmoja baada ya kambi, kwa wanandoa waliohudhuria?