Mnara Hausemi Peke Yake

Ukitoka Ilula kwenda Iringa mjini kwa barabara kuu iendayo Zambia, unapita Lugalo. Abiria wengi wa mabasi hupita wamelala. Pana mnara hapo, uliojengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao walioangamia tarehe 17 Agosti 1891, siku ambayo jeshi la Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe, liliushambulia msafara wao ulioongozwa na Emil von Zelewski ukiwa njiani na kuusambaratisha kwa muda mfupi. Zelewski mwenyewe alifia pale. Wahehe walitegemea zaidi mikuki na ngao, ilhali wageni walikuja na bunduki na mizinga.

Mnara huo unastahili kutafakariwa na kila apitaye njia ile. Aliyeujenga alishindwa mahali hapo, lakini baadaye ndiye aliyeshika madaraka. Mwishoni mwa Oktoba 1894 ngome ya Mkwawa huko Kalenga ilianguka, na Julai 1898 Mkwawa, akiwa amezingirwa, alijiua kule Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Mtawala mpya alipopata nafasi ya kusimika ukumbusho, aliwasimikia wafu wake. Jiwe lile halikuwekwa kwa ajili ya Wahehe waliokufa siku ile ile ya 1891, kwenye ardhi hiyo hiyo, wakilinda kwao.

Lakini leo hakuna Mhehe anayepita pale akajiona mshindwa. Mzee anapomwonyesha mjukuu wake mnara ule, humwambia kwamba hapa ndipo tulipowapiga Wajerumani, na jiwe lao wenyewe ni shahidi. Ujenzi ni ule ule, mahali ni pale pale, na bado kilichokusudiwa kuwa maombolezo ya watawala kimegeuka kuwa hati ya ushindi wa watawaliwa. Hakuna aliyelazimika kuligusa hata tofali moja. Walichofanya watu ni kuendelea kusimulia.

Kutokana na hilo napata wazo ninalotaka kulitetea hapa. Maana ya kitu kilichosimikwa hadharani haikamilishwi na aliyekisimika. Yeye husema neno la kwanza tu. Linalofuata ni jibu la wanaoishi nacho, na thamani ya sanaa ya hadharani hupimwa kwa namna inavyolipokea jibu hilo.

Tuangalie kwanza kwa nini sanaa ya barabarani ina wajibu ambao sanaa nyingine haina. Kitabu nakifungua kwa hiari yangu, na nikikichoka nakifunga. Kwenye maonyesho ya picha naingia kwa miguu yangu. Sanamu iliyo njia panda, au ukuta uliochorwa kando ya stendi, ni mgeni aingiaye bila kubisha hodi: atakuwa mbele ya macho yangu asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi, nipende nisipende, na watoto wangu watakua wakimwona. Anayejitwalia macho ya watu kiasi hicho amekopa kitu kwao. Deni hilo halilipwi kwa uzuri wa kazi peke yake. Hulipwa kwa kukubali kuulizwa.

Historia yetu ina mifano ya watu waliouliza. Mwaka 1909 Wajerumani walisimika Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Yeye alisimama juu, na chini yake aliwekwa askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua uso, huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Hakuna aliyehitaji kusoma maandishi ili aelewe nani yuko juu na nani yuko chini. Waingereza walipoichukua nchi waliing'oa, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg. Huko nako haikupata amani. Mwaka 1968 wanafunzi waliiangusha, kwa kuwa vijana wa Kijerumani wenyewe walikuwa wameanza kuuliza huyu mtu anatukuzwa kwa lipi.

Dar es Salaam, pale alipokuwa Wissmann, ikaja mwaka 1927 sanamu ya askari, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Sasa Mwafrika hayuko chini ya miguu ya mtu. Amesimama peke yake, bunduki mkononi, na maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, kwa hiyo mkazi wa mji angeweza kuyasoma. Ni hatua kubwa kutoka ile ya 1909. Hata hivyo swali halikuisha. Askari huyo hana jina, na vita aliyopigana ilikuwa ya wafalme wa mbali. Wapagazi, waliokufa kwa maelfu kwa njaa, magonjwa na mizigo, hawana sura pale juu. Mji umeendelea kuishi na sanamu hiyo, umelipa eneo lile jina lake, umeagana na kukutana chini yake, na bado unaweza kuiuliza.

Jibu la watu si lazima liwe nyundo. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, kambi hiyo ilipewa jina jipya. Colito ni mahali nchini Ethiopia ambapo jeshi la Waingereza lilipigana mwaka 1941. Jina lililochukua nafasi yake ni Lugalo. Kwa njia hiyo kijiji cha kando ya barabara, jirani ya Ilula, kiliipa kambi ya jeshi la taifa huru jina lake, na leo mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Lugalo jijini analitaja bila kujua kwamba anautaja ushindi wa 1891. Mnara wa Wajerumani haukusogezwa. Ulijibiwa kutoka umbali wa mamia ya kilomita, kwa neno moja lililowekwa kwenye lango la kambi.

Mfano wa karibu zaidi uko Kalenga, ng'ambo ya pili ya Iringa mjini. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, na ilichukua hadi 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mtwa. Fuvu si sanaa, najua. Lakini lilikuwa kitu cha kutazamwa, na hilo ndilo linalonigusa. Katika makumbusho ya Bremen lilihifadhiwa miongoni mwa mafuvu mengine mengi, kielelezo kimoja kati ya vielelezo, mbele ya watazamaji wasiokuwa na undugu nalo. Kalenga, mfupa uliopokelewa kuwa wa Mkwawa ni babu. Anayeingia pale hupunguza sauti. Kioo kinaweza kuwa kile kile, lakini mtazamaji amebadilika, na kwa kubadilika kwake kitu chenyewe kimekuwa kingine. Kila kinachowekwa mbele ya watu kina wenyewe, na wenyewe wasipokuwepo kinabaki bidhaa.

Sasa turudi Ilula penyewe, tuangalie macho ya watu wa pale yanakutana na nini kila siku. Ilula ni mji wa njiani. Mabasi na malori yaliyopanda mlima Kitonga yanapumzika hapo, na wachuuzi wanayakimbilia wakiwa na nyanya na vitunguu. Nyanya zimepangwa kwenye matenga ya mianzi, zile nzuri juu, zikiwa zimefutwa vumbi moja moja hadi zing'ae. Yule mama aliyezipanga alifikiria rangi, umbo na jicho la msafiri aliye dirishani. Hakuna aliyemwita msanii, ila kazi ya jicho ameifanya.

Nyuma yake kuna kuta. Nyingine zimepakwa rangi za kampuni za simu au za vinywaji, nyekundu au bluu kutoka chini hadi kwenye bati. Mwenye nyumba amepata rangi bila gharama, na simlaumu, kwa sababu rangi ni ghali na mvua za hapa hazina huruma na ukuta. Lakini tuutazame ukuta huo kama sanaa ya hadharani, maana kazi yake ni hiyo hiyo, kuchukua macho. Unachosema Ilula ndicho unachosema Chalinze, Makambako na Tunduma. Aliyeamua rangi yake hakupita hapo, na mkazi asiyeipenda hajui pa kulipeleka neno lake. Ni kuta zinazosema na kila mtu bila kumsikiliza mtu.

Pembeni ya kuta hizo kuna kazi ya fundi wa mabango. Huanza kwa kunyoosha uzi uliopakwa chaki na kuupiga ubaoni ili upate mistari. Kisha anachora herufi kwa penseli, akipima nafasi kwa macho, halafu brashi nyembamba inafuata, rangi ya mafuta, mkono mmoja ukiushikilia mwingine usitetemeke. Kwa kinyozi atachora kichwa kilichonyolewa pembeni. Kwa fundi cherehani atachora gauni. Wapita njia husimama. Mmoja atasema pua imekuwa ndefu, mwingine atamwambia neno lile limeandikwa vibaya, na mwenye duka atatoka kuona kama sura inafanana na aliyoitaka. Fundi hufuta, hurekebisha. Bango linapokamilika, nusu ya mtaa imeshalitia mkono. Likichakaa, fundi yuko, anaitwa tena.

Maandishi ya malori nayo ni hivyo hivyo. Nyuma ya lori dereva huandika jina la Mungu, shukrani kwa mama, au onyo kwa jirani mwenye husuda. Lori la pili huja na neno la kulijibu lile la kwanza. Vijana wa stendi huyasoma kwa sauti na kubishana kuhusu maana yake. Barabara kuu inakuwa baraza refu kutoka Dar es Salaam hadi mpakani, na asiye na mnara wala ukuta anapata pa kusemea.

Ninapotazama haya yote kwa pamoja, sioni kwamba tofauti iko kati ya kubwa na dogo, au kati ya jiwe na rangi. Tofauti ni kama kitu kinajibika. Mnara wa Lugalo ulisimikwa kwa nguvu, lakini umejibiwa kwa masimulizi na kwa jina la kambi, na kwa hiyo umekuwa wetu. Bango la kinyozi lilijibiwa hata kabla rangi haijakauka. Ukuta wa tangazo, japo uko mlangoni mwetu, bado ni wa mbali.

Najua mtu ataniuliza: jamii ndiyo nani? Ilula si sauti moja. Wamo Wahehe wenye mashamba tangu enzi za babu zao, Wabena na Wakinga waliokuja kwa biashara, madereva wanaolala usiku mmoja, wagonjwa na ndugu zao waliofuata hospitali kutoka vijiji vya ndani. Wakiulizwa wote, huenda wasikubaliane juu ya chochote. Swali hilo ni la haki, na huko Kondoa linaonekana wazi zaidi. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwa wahifadhi ni michoro ya kale isiyopaswa kuguswa. Kwa wenyeji, mahali kama Mungomi wa Kolo ni pa matambiko, pa kuombea mvua, na tambiko haliwezi kufanywa kwa kutazama kutoka mbali. Pande hizo mbili zimewahi kugongana. Mimi naona kugongana huko ni dalili ya uhai. Mahali ambapo hakuna anayejali, hakuna anayegombana. Kukubaliana si sharti la sanaa kuwa ya watu. Sharti ni kila mwenye neno apate pa kulisema, na jiwe libaki limesimama ili mazungumzo yaendelee. Ndiyo maana siuoni ubomoaji kuwa jibu la kwanza, ingawa nakiri kuna sanamu, kama ile ya 1909, zilizokuwa matusi matupu, na tusi halina haki ya kulindwa.

Basi siku Ilula itakapotaka kusimika kitu chake kando ya barabara ile, iwe ni kwa ajili ya mashujaa wa 1891, au wakulima wa nyanya, au wanawake wanaolea mji kwa biashara ya dirishani, swali la kwanza lisiwe bei ya saruji. Jambo lipelekwe kwenye mkutano wa hadhara, wakulima na wachuuzi wawepo. Fundi wa mabango aitwe kabla ya mtaalamu wa mbali. Iulizwe nani atapaka rangi upya baada ya miaka mitano, kwa sababu atakayekubali kuipaka ndiye atakayekuwa mwenyewe. Iachwe nafasi ya kukaa, ya kuuzia, ya kusimulia, na isiogopwe siku ambayo mtoto wa Ilula atasimama mbele yake na kusema kwamba hapa mlikosea. Mji ulio tayari kulisikia neno hilo ndio unaostahili kuwa na sanaa hadharani, na sanaa inayolistahimili ndiyo yenye haki ya kuchukua macho yetu.