Je, Mwenye Kuuguza Alale?

Wako miongoni mwetu wanaowauguza wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 wagonjwa hao walikuwa milioni 57 duniani. Mara nyingi mgonjwa wa namna hii hugeuza usiku kuwa mchana: huamka, hutafuta mlango, humwita mama yake aliyekufa zamani. Na binti amwuguzaye hukesha naye, akidhani kwamba kulala ni kumtupa mzazi.

Je, ndivyo? Sisi twasema, sivyo. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi; haikutukataza usingizi. Asiyelala huwa mwepesi wa hasira, na mkono uliochoka humshika mzee kwa ukali. Eliya alipotamani kufa, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Asiyesinzia ni Mungu peke yake.

Walakini maneno haya hayamfai binti yule ikiwa hana wa kumpokea zamu. Basi deni ni letu. Kila mtaa na uchague watu wawili wa kukesha kwake. Tukimwambia, "Pumzika," kisha tukaenda kulala kwetu, hatujampa kitu.